Tuonyesheni Mpaka!

Kuna neno moja lisemwalo kila siku katika masoko ya Butembo, katika magari ya kwenda Beni, na hata uani mwa parokia watu wakiagana: "Serikali yapenda wanyama kuliko watu." Alisemaye haombwi ushahidi. Wasikilizaji hutikisa kichwa, na kesi imekwisha. Upande wa pili, katika ofisi za hifadhi na katika magazeti ya Ulaya, kuna neno jingine fupi kama lile: "wavamizi." Mtu aliyekutwa na jembe upande usio wake ni mvamizi, na hapo kesi imekwisha vile vile.

Sisi twasema kwamba maneno yote mawili ni ya uvivu. Tena uvivu huo una faida kwa watu fulani, ambao hatuwasikii wakitajwa sokoni wala ofisini. Basi leo tutawataja, si kwa majina yao, bali kwa kazi zao.

Lakini kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa, maana vijana wengi wadhani mbuga ya Virunga ilianguka kutoka mbinguni, na wengine wadhani ililetwa juzi na mashirika ya wageni. Tarehe 21 Aprili 1925 utawala wa Wabelgiji ulitoa amri ya kuunda mbuga, ikapewa jina la Mfalme Albert. Ilikuwa mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo tu kwenye milima ya moto upande wa kusini, kwa ajili ya gorila. Watu wa milima ya Butembo haikuwahusu. Ila mwaka wa 1929, na tena mwaka wa 1934 na 1935, ilipanuliwa kuja kaskazini: ikameza nyanda za Rwindi, ikazunguka sehemu yetu ya ziwa Edward, ikashuka na mto Semliki, ikapanda hadi theluji ya Ruwenzori. Ikawa na kilometa za mraba karibu 8,000, ndefu kama kilometa 300, na mahali pengine nyembamba kama mshipi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 watu wa bonde la Semliki na wa kando ya ziwa walihamishwa. Sababu waliyopewa ni ugonjwa wa malale. Malale yalikuwapo kweli, yakiua. Hatutaki kuwa kama wale wasemao kwamba ugonjwa ulibuniwa. Lakini ugonjwa ukiondoka, mtu hurudi kwake. Hawa hawakurudi, kwa kuwa nyuma yao mstari ulikuwa umekwisha kuchorwa.

Mstari wenyewe ulikuwaje? Uliandikwa kwa Kifaransa katika karatasi ya Serikali: toka kijito hiki hata kilima kile, na kutoka hapo moja kwa moja hata makutano ya mito. Kwa mpima ardhi, hayo ni maneno ya kutosha. Lakini kijito ambacho kwenye ramani kina jina moja, mlimani kina majina matatu, kwa kadiri ya ukoo unaoteka maji. Makutano ya mito huhama mvua kubwa inaponyesha. Na yule mkulima aliyepaswa kuuheshimu mstari huo hakupata kuusoma, wala baba yake, wala mwanawe aliyemaliza sekondari.

Baada ya uhuru, amri ya tarehe 22 Agosti 1969 ilithibitisha mbuga za taifa, na jina la Mfalme likafutwa, ikaitwa Virunga. Mwaka wa 1979 Unesco iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka wa 1994 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka wa 2025 mbuga ilitimiza miaka 100. Miaka mia! Katika miaka mia wameandikwa vipepeo wake, nyoka wake, mimea yake hata ile ya theluji. Mpaka wake ungali unabishaniwa kwa mapanga.

Sasa tulipime lile neno la kwanza, kwamba wanyama wapendwa kuliko watu. Twendeni Kyavinyonge, upande wa kaskazini wa ziwa. Kila mama wa Butembo auzaye samaki ajua mahali hapo, hata kama hajafika. Kyavinyonge ni kimojawapo cha vijiji vitatu vya uvuvi vilivyokubaliwa ndani ya mbuga, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma. Kiboko hutoka majini usiku, hula majani nchi kavu, na mchana hurudi majini. Samadi yake hurutubisha maji, na katika maji hayo hukua chakula cha samaki wachanga. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 25,000, kundi kubwa kuliko yote yaliyojulikana duniani. Kufikia mwaka wa 2005 walibaki chini ya 1,000. Nani aliwala? Watu wa bunduki waliwaua, askari na waasi pia, wakauza nyama kwa vikapu na meno kwa wafanya biashara. Na wavuvi walipata faida gani? Waulizeni. Samaki wamepungua, na walio wavuni ni wadogo. Hatusemi kwamba sababu ni viboko tu. Nyavu za matundu madogo, uvuvi mahali samaki wanapozalia, na mitumbwi iliyozidi kikomo cha zamani, yote yamo. Lakini mwenye kusema kwamba kumwondoa mnyama ni kumlisha mtu, aende Kyavinyonge akawaambie akina mama wanaongoja mitumbwi.

Kwa hiyo neno la kwanza halisimami. Na la pili je, "wavamizi"?

Hilo nalo tulichungulie. Yule aliye na jembe kwenye pwani ya magharibi ya ziwa, au kule Mayangose karibu na mji wa Beni, ambako wakulima na ICCN wamegombana miaka mingi, ametoka wapi? Ametoka milimani, ambako baba yake aligawa shamba kwa wana sita, na kila mwana akagawa tena. Kisha apanda kilima na kutazama ng'ambo. Aona nini? Aona malisho mapana ya mtu mmoja, yamezungushiwa seng'enge, ng'ombe wachache ndani, na mlinzi langoni. Katika nyanda za juu za Lubero mambo haya si hadithi. Ni mashamba yaliyokuwa ya walowezi au ya koo, ambayo matajiri waliyapata kwa hati kutoka mjini. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi za kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kueleza haki za wakaaji. Miaka zaidi ya 40 ilipita bila amri hiyo kutoka. Katika nafasi hiyo tupu, mwenye fedha na rafiki katika ofisi alipata hati. Asiye navyo alibaki na neno la chifu, na neno la chifu halipigwi muhuri mahakamani.

Tazameni basi ajabu hii. Mtu anyimwa nafasi na seng'enge ya tajiri, lakini kelele zote zaelekezwa kwa mbuga. Tajiri mwenyewe hupiga kelele hizo kuliko wote! Kwenye mikutano ndiye asimamaye na kusema, "Warudishieni watu ardhi ya babu zao," akinyosha kidole mashariki, kusudi watu wasigeuke kutazama magharibi. Huyo ndiye wa kwanza katika wale tuliosema tutawataja.

Wa pili ni muuza viwanja. Huyu humjia mkulima aliyekosa ardhi na kumwambia: "Papa, nchi hii ni ya wazee wetu, mbuga imeiiba, nawe una haki. Lete mbuzi wawili na kiasi fulani cha fedha, utapata shamba." Mkulima auza alichonacho. Hupewa karatasi. Tumewahi kuishika karatasi ya namna hiyo mikononi mwetu: ilikuwa na muhuri wa buluu, sahihi tatu, hata nambari. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni mpaka. Iliandikwa kwamba shamba laelekea mashariki "hadi atakapofika." Walinzi wanapokuja kung'oa mihogo, muuzaji yuko mjini, na fedha zimekwisha kuwa mabati. Mkulima hulia, "Mbuga imenionea!" Ni kweli ameonewa, lakini aliyeanza kumwonea alimkaribisha kwa jina la papa.

Wa tatu ni mwenye bunduki. Ndani ya mbuga na pembezoni mwake vikundi vya silaha vimejifanya wapangishaji. Mkulima hununua jetoni kila mwezi ili aruhusiwe kulima. Mchoma makala hulipa, mvuvi hulipa. Asiye na jetoni ya mwezi huu hupigwa au hunyang'anywa mavuno. Kikundi hujiita walinzi wa raia dhidi ya walinzi wa mbuga. Na upande wa kaskazini, tangu Oktoba 2014, twajua nini kimetokea kwa watu wa Beni walioshikwa na ADF mashambani mwao. Msitu wa mbuga umekuwa maficho ya wauaji. Msomaji wa Oicha au wa Mbau hahitaji tumwandikie zaidi.

Na walinzi wenyewe? Si wazungu, wala hawakutoka mbali. Ni wana wa Rutshuru, wa Lubero, wa Beni. Wengine tulisoma nao darasa moja. Zaidi ya 200 wameuawa kazini katika historia ya mbuga hii. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, 12 waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva na raia wanne. Mwenye kusema kwamba damu hiyo ilimwagika kwa ajili ya wanyama tu, hajapata kukaa na mjane mmoja wao. Lakini tukiwaheshimu wafu, haitulazimu kufumba macho mbele ya walio hai. Kuna walinzi wanaopokea rushwa kwa mchoma makala na kumfunga mwenye baiskeli. Kuna mihogo iliyong'olewa mahali ambapo hakuna mtu aliyeweza kuonyesha kama ni ndani au nje. Mkubwa akiulizwa, hujibu, "Ramani iko ofisini." Ofisi iko wapi? Kwa mkulima wa pwani ya magharibi, ofisi ni safari ya siku kadhaa na vizuizi vitano vya barabarani, kila kimoja na ushuru wake.

Hapo ndipo tunapoishitaki Serikali na ICCN bila kupindisha maneno. Muuza viwanja auza giza. Bidhaa yake ni kutokujua kwa watu, na mwenye kuificha ramani ndiye amwekeaye duka. Jiwe lingekuwapo, na jina la jiwe likajulikana kijijini, karatasi ya "hadi atakapofika" isingepata mnunuzi hata kwa kuku mmoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mbuga ina daftari, lakini limefungiwa kabatini.

Wengine watatujibu: "Mbuga huleta maendeleo." Twakubali sehemu. Tangu mwaka wa 2013 maji ya Ruwenzori yamewasha taa Mutwanga, na hapo viwanda vidogo vikaanza. Ni kazi njema. Tena mbuga imeahidi asilimia 30 ya fedha za utalii kwa kazi za wakaaji wa jirani. Lakini utalii ulisimamishwa mwaka wa 2018, ukasimamishwa tena mwaka wa 2020, kisha vita vya M23 vikaenea. Mwaka wa 2024 viliifikia Vitshumbi na Kanyabayonga. Asilimia 30 ya mfuko mtupu ni nini? Na hata mfuko ukijaa, taa haijibu swali la shamba.

Tutazame jirani, maana hatuwezi kusema jambo haliwezekani wakati lafanyika ng'ambo ya ziwa lile lile. Uganda ina mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka wa 1952. Ndani yake kuna vijiji vya wavuvi kama Katwe na Katunguru, na vijiji hivyo vyatambuliwa na sheria, hata Katwe ina halmashauri yake ya mji. Sheria ya mwaka wa 1996 iliagiza kwamba asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga irudi kwa wakaaji wa jirani. Hatusemi kwamba Uganda ni paradiso. Aprili 2018 simba 11 waliuawa kwa sumu huko Hamukungu, kijiji cha wavuvi ndani ya mbuga hiyo. Na wavuvi wetu wanaopotea majini na kuvuka mpaka usioonekana hukamatwa na askari wa Uganda, wakapoteza nyavu na mashine. (Mpaka tena! Hata ziwani hatukuonyeshwa.) Lakini mkaaji wa Katwe aweza kujenga nyumba ya matofali bila kuogopa kwamba kesho ataambiwa kijiji chake ni kambi ya muda. Mkaaji wa Kyavinyonge, aliyezaliwa hapo, aliyemzika mamaye hapo, hana hakika hiyo.

Na katika nchi kame ya Botswana, Wasan wa Kalahari walitolewa katika hifadhi iliyoundwa mwaka wa 1961, katika nchi ya babu zao. Walikwenda mahakamani. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba walitolewa kinyume cha sheria. Mwaka wa 2011 mahakama ya rufani ikawapa haki ya kutumia kisima chao. Hawakuchoma msitu, wala hawakununua jetoni. Hata kwetu Kivu, Wabatwa waliotolewa Kahuzi-Biega walifika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na Julai 2024 ulitangazwa uamuzi kwamba Kongo ilivunja haki zao. Twaandika haya kwa ajili ya wale vijana wanaotuambia kwamba njia ni panga tu.

Jambo hili ni la haraka. Januari 2025 Serikali yetu ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hata Kinshasa, wenye kilometa za mraba zaidi ya 500,000, yaani zaidi ya mara 60 ya Virunga nzima. Yasemwa kwamba humo hifadhi na maendeleo ya wakaaji vitakwenda pamoja. Vema. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inadai uchunguzi wa hadhara kabla ya kuunda eneo jipya la hifadhi. Nani kati yenu, wasomaji, aliitwa kusikilizwa? Mwenye kushindwa kuonyesha mpaka wa shamba la zamani, asiharakishe kuchora jingine kubwa mara sitini.

Twadai nini basi? Hatudai mbuga ifutwe. Mbuga ikifutwa leo, kesho asubuhi haitakuwa ya mkulima. Itakuwa ya mwenye seng'enge, na wenye bunduki watalinda lango lake. Wala hatudai mtu aachwe alime popote. Twadai mpaka utembewe kwa miguu, si kwa ndege. Watembee pamoja wapima ardhi wa Serikali, ICCN, machifu, wazee wa kila ukoo, na wanawake pia, maana wao ndio walimao. Kila mahali pa ubishi paandikwe kuwa pa ubishi, pasifichwe. Mawe yawekwe, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili na Kinande, yabandikwe ofisi ya kila kijiji na mlango wa kila kanisa linalokubali. Vijiji vitatu vya uvuvi vipewe hati, pamoja na kikomo cha mitumbwi ambacho wavuvi wenyewe watakilinda. Na itakapoonekana kwamba mkulima amedanganywa akalima ndani, asitolewe kwa moto kabla aliyemwuzia hajaletwa mbele ya hakimu, na kabla ya kutafutiwa nafasi katika malisho yale yaliyo tupu. Hapo tutajua ni nani hasa anayeitetea ardhi ya babu zetu.

Tutaambiwa: vita kwanza viishe. Kwa Mayangose na kwa njia ya Kamango twakubali, hatumtumi mpima ardhi penye wauaji. Lakini si kila kilima kinapigwa risasi kila siku. Yako maeneo ambayo watu hulima, huvuna na kwenda sokoni, na ofisa wa kukusanya ushuru hufika bila kukosa. Penye njia ya mtoza ushuru pana njia ya mpima ardhi. Kazi ianze huko, kisha Kyavinyonge, na ianze upesi, kwa sababu wazee waliosikia kwa masikio yao maneno ya Wabelgiji siku mipaka ilipotembelewa wamepita miaka 80, na kila mwaka twazika wengine.